Anayeshika na Anayekata

Jumapili, 2 Machi

Ampe yule! Yule!

Nimesugua masufuria yote mpaka mikono inawaka, na hasira haijashuka hata kidogo. Basi naandika. Bora nipige kelele kwenye karatasi kuliko majirani wajue ya kwetu.

Mdogo wangu na mkewe walikuja kula mchana. Tunamwita Bosi tangu utotoni, maana alianza kutoa amri kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa ana duka la spika na televisheni, kwa hiyo amri zimepata pa kukaa. Wamekula, wameshiba, nikaenda jikoni kuleta chai. Narudi na sinia, namkuta Baba amesimama katikati ya sebule, amekumbatia kifuani bonsai yake, kimti chake cha chunguni. Anasema: chukua, mwanangu, kuanzia leo ni wako.

Bosi akaupokea kwa mkono mmoja. Mmoja! Wa pili ulikuwa na simu.

Mimi nimesimama pale, chai inapoa. Hakuna aliyenitazama. Wifi ndiye aliyesema, jamani, kimti kizuri hiki, kitapendeza juu ya spika.

Mkuyu ule! Baba aliung'oa kwenye ufa wa ukuta wa karakana yake ya ushonaji, mimi bado niko shule ya msingi. Majani mawili na mzizi kama uzi. Aliogopa utampasulia ukuta. Alipokwisha kuung'oa akauonea huruma. Ukutani kulikuwa na kalenda, na ukurasa wa Mei ulikuwa na picha ya mti mzee kabisa, mfupi kama kigoda, ndani ya chungu bapa. Baba akasema, na huu utakuwa hivi. Yote anayojua kuhusu bonsai ameyajua kwa kuikodolea macho picha ile na kwa kukosea. Kalenda haikufunuliwa tena. Miaka na miaka, karakanani ikawa Mei.

Na nani alikuwa akimshikia huo mti wakati wa kuubadilisha udongo? Bosi? Bosi alikuwa uwanjani! Mizizi ikijaa chungu, naitwa mimi: njoo unishikie. Nashika shina, Baba anakata mizizi. Nimeshika nikiwa na sare ya shule. Nimeshika nikiwa mjamzito. Nimeshika wiki ile niliyoachwa. Na presha ya macho ilipomwibia Baba macho yake, nani alimchukua kwake, yeye na mti wake? Chumba cha mbele ni saluni yangu, cha katikati sebule, cha nyuma ni cha Baba. Mkuyu ulikaa dirishani kwake, kila asubuhi anaupapasa jani kwa jani kama anayesalimia watu.

Sasa dirisha liko wazi. Na mimi, katika mambo yote ya leo, nimeulizwa tu kama kuna sukari nyingine.

Jumatatu, 3 Machi

Saluni tunafunga Jumatatu, siku yangu ya kupumzika. Nimepumzika nini! Baba kaniuliza asubuhi mbona nabamiza vyombo. Nikasema sibamizi. Akasema hata chai unaikoroga kwa hasira. Nikasema ni kijiko ndicho kibovu.

Kijiko kibovu! Mtu mzima, mwenye mtoto mkubwa anayejitegemea, nasingizia kijiko.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha anayefanya kazi kiti cha pili amenisikiliza tangu asubuhi mpaka jioni. Mwisho akauliza, shoga, mwenyewe umemwuliza?

Nimwulize nini? Eti Baba, mbona hukunipa mimi? Nigombee mti kama tunagombea paja la kuku? Sithubutu. Ajue mwenyewe alichofanya.

Mama Pacha kasema, haya, endelea kumnunia mtu asiyeona.

Hiyo imenichoma. Nimejitia sijasikia, nikawasha draya.

Jumamosi, 15 Machi

Siku yenyewe ya Jumamosi, vichwa vimejaa, wifi kapiga simu. Ana sherehe, wanafungua duka la pili mwisho wa mwezi, anataka kusukwa mapema rasta ziwahi kulainika. Na asukwe nyumbani kwake, saluni kwangu kuna joto.

Joto! Kwangu kuna joto, lakini chakula changu hakikuwa na joto.

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka mti. Nikasema kesho naja, wifi yangu mpendwa. Mama Pacha alicheka mpaka akadondosha kibanio.

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi. Kalamu inanitoroka mkononi.

Nimefika, wifi kanikaribisha vizuri, hilo nisimdhulumu. Kiti kimewekwa sebuleni. Na mbele ya kiti, juu ya spika ndefu kama kabati, uko mkuyu wa Baba. Muziki unapigwa, spika inatetemeka, na mti nao unatetemeka. Majani nusu yamekwisha. Yaliyobaki yanang'aa, yanang'aa kupita kiasi, kama paji la uso la mtu mwenye homa.

Nikauliza, wifi, majani haya yana nini? Akasema amekuwa akiyapangusa kwa mafuta ya kupikia, ili wageni wakija yapendeze. Mafuta ya kupikia! Jani linapumuaje?

Nikatazama udongo. Sikuuona. Juu yake kuna kokoto nyeupe, nzuri, za dukani. Nikagusa moja, haikutikisika. Nikagusa nyingine. Hazitikisiki! Wifi kaeleza bila wasiwasi wowote: paka alikuwa anazifukua, basi yeye akazibandika kwa gundi. Gundi ile ile ya kubandikia soli. Zote, mpaka ukingoni. Nikamwuliza maji yanapita wapi. Akafikiri. Akasema, sasa umeniuliza, kweli huwa yanamwagika juu ya spika.

Nilisuka. Nilisuka kwa kimya cha kuogopesha, nikatulia kama maji mtungini. Nadhani nilikaza kidogo. Wifi alilalamika mara ya kwanza, ya pili akasinzia. Alipoanza kukoroma nikachukua sindano yangu ya kushonea nywele, nikatafuta upenyo kati ya kokoto, nikachoma. Baba alikuwa anafanya hivyo kwa sindano ya magunia: ikizama, mizizi ina nafasi, ikigoma, mizizi imejaa. Iligoma. Kama kuchoma mbao. Na shina zima limeinuka, limejitokeza juu ya ukingo kama jino linalosukumwa. Huu mti ulikuwa ukingojea kubadilishiwa udongo tangu kwangu. Tangu kwangu! Baba alikuwa anajua, akampa mtu wa spika.

Nilimaliza rasta ya mwisho. Nikaifunga vizuri, kazi ni kazi. Nikautoa mkuyu juu ya spika, nikauviringisha taulo, nikauvalisha na shuka la saluni juu, nikatoka kwa ncha za vidole. Dereva wa teksi akauliza kama mtoto amelala. Nikasema ndiyo, usipige honi.

Sikuiba. Mtu haibi mgonjwa, anampeleka hospitali.

Jumatatu, 17 Machi

Niliuweka dirishani kwa Baba bila kusema. Asubuhi nikasikia fimbo yake ikianguka. Nikaenda. Anaupapasa. Kapapasa majani, akanusa vidole, akavilamba ncha. Akauliza, nani kaupaka mafuta? Nikamweleza. Akapapasa kokoto. Nikamweleza. Akagusa shina lilivyoinuka, hilo hakuuliza.

Nikangoja aseme ahsante, mwanangu. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kusema si kitu.

Akasema, urudishe.

Urudishe! Eti alishampa, hawezi kumpa mtu kitu Jumapili moja akamnyang'anya Jumapili nyingine. Nikasema unakufa. Akasema najua. Nikasema basi tuubadilishe udongo kwanza. Akasema, ni wake, mwulize yeye.

Sikuwa na haja ya kumwuliza, kapiga mwenyewe. Bosi kaniita mwizi. Mimi, niliyemfuta kamasi! Eti wageni wa sherehe wameshatumiwa picha ya mti. Eti Jumatatu ijayo duka lake limefungwa, atakuja kuuchukua, niukabidhi kwa heshima. Nikamwuliza, unajua ni mti gani huo? Akasema, bonsai. Nikasema bonsai ni namna ya kutunza, mti wenyewe unaitwaje? Akakata simu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeosha majani kwa pamba na shampuu ya watoto wachanga, moja moja. Yaliyobaki yanahesabika. Lakini kwenye matawi kuna machipukizi yamevimba, madogo kama punje. Unataka kuishi! Unakufa kwa kiu huku unachipua.

Nikasema liwalo na liwe, naubadilisha mwenyewe, bila yeyote. Nimetoa chanuo, nimetoa mkasi mdogo, nimefunga mlango wa saluni. Nimeugeuza mti, nimeshika ukingo wa chungu. Halafu mikono ikasimama.

Sijui mizizi inakatwa kiasi gani.

Miaka yote ile nimeushika na sijui! Nikifumba macho nikumbuke, sioni mizizi. Naona Mei. Naona picha ya mti mzee, shina limepinda kushoto, chungu cha buluu iliyoiva, kona ya chini imechanwa, Jumanne moja imezungushiwa duara la kalamu nyekundu. Kila Baba alipoinua mkasi mimi niligeukia kalenda. Naijua kalenda ile kuliko uso wangu. Na kalenda haina mizizi!

Nimerudisha mkasi kabatini. Nimekasirika na nafsi yangu, na kalenda, na mtu aliyeichapisha.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimepasuka. Mbele za watu.

Saluni imejaa. Mwalimu mmoja wa hesabu, mteja wangu wa siku nyingi, mtaratibu, ana rangi kichwani, tunasubiri ishike. Baba akatokea kutoka nyuma, mkono unafuata ukuta. Akasema, mama, ndugu yako amepiga, anakumbusha Jumatatu, umfungie vizuri usivunjike.

Umfungie!

Nikamwambia, Baba, mimi ndiye niliyeushika mti ule tangu sijaota hata matiti. Umempa mtu asiyejua kama una mizizi. Kwa nini? Kwa sababu yeye ni mwanamume? Sema tu nijue! Sauti nadhani ilifika barabarani.

Baba akasimama pale pale. Akasema polepole, si wewe ndiye uliyeuchukia?

Nikasema, nani?

Akasema, wewe, mama. Kila nikishika mkasi ulikuwa unageuza uso. Tangu mdogo. Macho yangu wakati huo yalikuwa mazima, nilikuwa nakuona. Nikasema moyoni, mtoto huyu haupendi huu mti, ananivumilia tu. Na sasa unanivumilia mimi. Tayari una mzigo mmoja chumba cha nyuma. Nikuachie na wa pili?

Mtu alizima draya. Sikumwona ni nani.

Nikapiga kelele, sikujua kusema kwa njia nyingine: niligeuza uso kwa sababu sikuweza kuangalia ukiukata! Nilikuwa naona kama unakata vidole vya mtu! Nilikuwa nataka kukunyang'anya mkasi!

Akasema, mbona hukusema?

Nikasema, mbona hukuuliza?

Tukabaki hivyo, mimi na yeye, na wanawake watano wanatutazama kupitia vioo. Ndipo mwalimu wa hesabu akainua mkono, akasema, samahani sana, kichwa kinawaka moto.

Rangi! Nilikuwa nimeisahau. Nywele zimetoka rangi ya karoti. Mama Pacha ameziokoa kiasi, ameniambia nikakae nyuma ninywe maji. Mwalimu alikataa nimwombe radhi. Kasema na yeye ana baba.

Sasa nimekaa na neno moja. Mzigo. Nani kamwita mzigo? Ni mimi? Lini? Ni kule kubamiza masufuria? Ni zile simu ninazopiga nikidhani amelala? Nimeudhika naye kuliko nilivyoudhika na gundi. Unaishi na mtu, unampikia, unamkata kucha, unacheka naye taarifa ya habari ikisomwa, kumbe anajiona gunia! Na mti aliutoa ili aniondolee. Alikuwa ananifanyia wema. Hasira yangu yote ya wiki tatu haina pa kukaa, na haitaki kutoka.

Jumapili, 23 Machi

Baba leo ameuliza kama kesho nimefunga saluni. Nikasema kila Jumatatu huwa nafunga. Akasema, basi kachekeche udongo.

Nikachukua chekeche na ndoo.

Nimeponda matofali, nimechekecha mchanga mkubwa na mboji. Baba kaukanda kwa vidole, akaukataa. Vumbi jingi. Nimechekecha tena. Akaukataa. Nikamwambia huu ni udongo, si kitambaa cha suti. Akasema, unadhani kuna tofauti? Mara ya tatu akaukubali, akajifuta mikono kwenye suruali niliyoinyoosha jana. Nikanyamaza. Nimejitahidi sana kunyamaza.

Kisha nikamwambia ukweli, kwamba sijui kukata, nilikuwa natazama Mei. Akaniuliza picha ilikuwaje. Nikamweleza yote: chungu cha buluu, kona iliyochanwa, Jumanne yenye duara. Akasikiliza amefumba macho, kama mtu anayesomewa barua. Jumanne ile, alisema, alikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza, hakuimaliza.

Kisha akasema, mama, hata mimi picha haikunionyesha mizizi. Nilikuwa nabahatisha.

Alikuwa anabahatisha! Na uso ule wa daktari!

Jumatatu, 24 Machi

Mikono ina udongo, karatasi inachafuka, sijali. Naandika sasa hivi kwa sababu nimefukuzwa. Nimefukuzwa saluni kwangu na baba yangu mwenyewe, nipoe hasira.

Tulianza mapema. Bosi alisema atakuja saa kumi, tukajua tuna siku nzima. Sinki la kuoshea nywele tumelitandika gazeti, Baba nimemkalisha kwenye kiti cha wateja. Nikaupindua mti. Udongo ukatoka mzima, umekamata umbo la chungu, na kokoto za wifi juu yake zimeshikana kama kigae. Nimekivunja kigae kwa mpini wa chanuo na kila kipande nimekitupa ndooni kwa nguvu, kila kipande na neno lake. Baba kasema, maneno mengine sikujua unayajua.

Chini ya hapo, mizizi. Nimeangalia! Kwa mara ya kwanza nimeiangalia. Imejizungusha, mzingo juu ya mzingo, hakuna udongo tena, mizizi inakula mizizi. Ilinitia uchungu, nikataka kugeuka. Hakuna kalenda. Kuna bango la mitindo ya nywele tu, na yote naijua.

Tumegawana upya. Baba ndiye anashika, mimi ndiye nakata. Yeye anashika shina kwa mkono mmoja, mwingine unapita kwenye mizizi, unanipa ripoti. Mimi nachambua kwa chanuo, naanzia ncha napanda juu, kama nywele zilizofungana, maana ukianzia juu unakata kila kitu. Baba akauliza, nani kakufundisha kuanzia chini? Nikasema, vichwa vya watu. Akasema yeye alikuwa anaanzia juu, kwa uma. Nikasema, ndiyo maana! Sijui ndiyo maana ya nini, lakini nilijisikia vizuri kusema.

Akasema, usikate mpaka mwisho, acha pindo. Nikasema pindo la kiasi gani? La suruali ya mtoto anayekua, akasema. Nimeelewa. Nimekata mizizi midogo, nusu na zaidi, macho yangu yako wazi, na yaliponitoka machozi sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Baba alisikia. Alisema tu, endelea, mama.

Kisha tukafika kwenye ule mnene.

Uko katikati, chini ya shina, unene wa kidole gumba, umejikunja kama goti. Huo ndio unaouinua mti mzima. Baba akaupapasa, akaurudia. Akasema mara ya mwisho aliuona, akauacha. Macho yalikuwa yameanza kumchezea, aliogopa. Nikauliza, tukiukata? Akasema, unaweza kufa leo. Nikauliza, tusipoukata? Akasema, utakufa tu, ila polepole, utakuwa umekaa vizuri juu ya spika.

Ndipo mlango ukagongwa. Asubuhi hii! Bosi. Hakuweza kusubiri saa kumi, yeye na saa zake. Na wifi yuko naye, namsikia, analalamika rasta zimemkaza hajalala vizuri wiki nzima. Bosi anasema kupitia dirisha kwamba anatuona, kwamba mti ni wake, alipewa mbele ya watu, na tunauchinja.

Tunauchinja! Aliyeukausha anasema tunauchinja!

Nilimjibu. Sitaandika nilivyomjibu. Baba akanishinda sauti, na sikujua bado ana sauti ile, ya karakanani, ya kuita vijana wa cherehani: nilikupa mti, sikukupa ruhusa ya kuuua! Subiri hapo nje kama wateja wengine wanavyosubiri!

Bosi hajawahi kuambiwa asubiri.

Nikainua mkasi kwenye ule mzizi mnene. Baba akanikamata kifundo cha mkono. Kasema mkasi unatetemeka, anausikia mpaka kwenye shina. Kasema, mimi na wewe tumekosana kwenye mti huu miaka yote bila kujua, huu mmoja hatutaukata kwa hasira. Nenda ukakae. Hasira ikipoa nitakuita.

Basi nimekaa jikoni. Mizizi tumeifunga taulo la maji, lakini haiwezi kungoja siku nzima. Chungu kimeloweshwa, gundi ya ukingoni nimeitoa kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kimetakata. Udongo uko tayari. Kila kitu kiko tayari isipokuwa mimi.

Nimemkasirikia Bosi. Nimemkasirikia wifi na chupa yake ya mafuta. Nimemkasirikia Baba, zaidi ya wote, kwa lile neno, na nikimaliza kazi hii nitamwambia asilitamke tena ndani ya nyumba yangu, na kama hataki kunielewa nitamwambia kila siku. Nampenda mzee huyu mpaka nakereka.

Bosi amerudi kugonga, lakini sasa anagonga taratibu. Kupitia mlango anauliza, dada, kweli utakufa? Sauti yake ya utotoni ile.

Baba ameita.

Nimechungulia kwanza. Amekaa pale pale mbele ya sinki, ameushika mkuyu kwa mikono miwili, shina katikati ya vidole vyake, hivyo hivyo nilivyokuwa naushika mimi. Taulo ameshalifungua. Mzizi mnene uko wazi, unangoja. Na Baba amegeuza uso. Ameugeuzia kabisa ukutani, shingo imekaza, midomo ameibana. Haoni mkasi, haoni mzizi, na bado amegeuza uso.

Mkono wangu umetulia. Safari hii naangalia mimi.